Shajara ya Ghala la Mpunga, Ahero: Uchaguzi wa Bolti za Maungio ya Chuma

Jumatatu, 13 Januari

Michoro ya mwisho ya fremu za ghala imetufikia leo asubuhi karakanani Kisumu. Kazi niliyopewa ni kuchagua bolti zitakazounganisha nguzo, boriti za paa na vyuma vya mshazari, kisha kuandika agizo la ununuzi kabla mafundi hawajaanza kutoboa matundu. Ghala litajengwa Ahero, kwenye uwanda wa Kano, kwa ajili ya kuhifadhi mpunga wa wakulima wa ushirika mmoja wa huko. Lina upana wa mita 18 na urefu wa mita 36, na litabebwa na fremu 7 zilizoachana kwa mita 6. Udongo wa pale ni ule mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, lakini hilo ni shauri la aliyesanifu msingi. Mimi ninaanzia juu ya zege.

Msimamizi wa mradi alinipigia simu akaniuliza, kwa heshima lakini kwa mshangao, kwa nini bolti zihitaji siku nyingi ilhali dukani kila mtu huomba tu "bolti ya 20" akauziwa. Nilimjibu kwamba namba hiyo hutaja unene wa bolti na kunyamazia mengine yote, yaani nguvu ya chuma chake, urefu wake, nati inayoifaa na unene wa bamba inalopita. Bolti mbili za M20, yaani za unene wa milimita 20, zinaweza kufanana kama mapacha huku moja ikiwa na nguvu maradufu ya nyenzake.

Nguvu hiyo huandikwa kichwani mwa bolti kwa tarakimu mbili. Katika 8.8, tarakimu ya kwanza ikizidishwa kwa 100 hutoa nguvu ya mwisho ya chuma, yaani nyutoni (kipimo cha nguvu) 800 kwa milimita ya mraba, na ya pili husema kwamba bolti huanza kunyumbuka bila kurudi ikifika asilimia 80 ya nguvu hiyo, yaani 640. Bolti ya 4.6 ina 400 na 240. Kichwa kisicho na alama yoyote hatutakikubali kwenye fremu, hata muuzaji akiapa kwamba ni cha 8.8.

Jumatano, 15 Januari

Nimeanza na ungio zito kuliko yote, pale boriti ya paa inapokutana na nguzo. Mzigo wa paa pamoja na wa matengenezo unaleta hapo nguvu ya kupinda ya kilonyutoni-mita 198, ambayo huzivuta bolti za juu na kuusukuma upande wa chini wa boriti dhidi ya nguzo. Kwa kuwa boriti imeongezewa kipande cha pembetatu chini yake ili ungio liwe refu, safu mbili za juu ziko wastani wa mita 0.53 kutoka mahali panaposukumwa. Ukigawanya 198 kwa 0.53 unapata mvuto wa kilonyutoni 374 kwa bolti nne, yaani karibu 93.4 kwa kila moja.

Bolti ya M16 ya daraja la 8.8, yenye eneo la kazi la milimita za mraba 157 kwenye meno yake, hubeba mvuto wa kilonyutoni 90.4 kwa kanuni za Eurocode 3, zile za Ulaya za miundo ya chuma. Imepungukiwa kidogo tu, na mkandarasi angependa kusikia kwamba kidogo hicho si kitu. Ni kitu, kwa sababu hesabu ya 93.4 bado haijahesabu tabia ya bamba lenyewe. Bamba la mwisho wa boriti likivutwa hupinda, ncha yake hujikita kwenye nguzo kama mtaimbo unaong'oa jiwe, na bolti huongezewa mvuto ambao haumo katika mzigo wa paa. M20 ina eneo la milimita za mraba 245 na hubeba mvuto wa 141.1, kwa hiyo ina nafasi ya kumeza nyongeza hiyo iwapo bamba litakuwa na unene wa milimita 20. M24 ingefika 203.3, lakini tundu lake ni la milimita 26 na spana yake ni ya 36, na kwenye kona ya kipande cha pembetatu mkono wa fundi hauna pa kuizungushia. Nimeandika M20, bolti 8 kwa kila ungio. Safu za chini si pambo, kwani dhoruba za alasiri zinazotoka ziwani zinapoinua paa lililo tupu, kupinda hugeuka na bolti za chini ndizo zinazovutwa.

Ijumaa, 17 Januari

Siku nzima imeishia kwenye vyuma vya mshazari, ambavyo nilitarajia kuvimaliza kabla ya chai ya saa nne. Hivi ni vyuma vya pembe vya 75 kwa 75, vyenye unene wa milimita 6, na vinavutwa kwa kilonyutoni 128 upepo unapopiga ukuta wa mwisho wa ghala. Kila ncha imechorwa na bolti mbili zilizoachana milimita 70, ya mwisho ikiwa milimita 40 kutoka ukingoni.

Kwa kukatwa, bolti hazina shida. M16 ya 8.8 hustahimili 60.3 na M20 hustahimili 94.1, hesabu zote mbili zikichukulia kwamba mkato unapita kwenye meno na si kwenye shina zima. Wale wetu tuliofundishwa kwa BS 5950, kanuni ya zamani ya Uingereza, tunaikumbuka M20 kwa namba ya 91.9, tofauti ni ndogo, nami hufurahi kuona kanuni mbili zikikaribiana hivyo. Shida iko kwenye chuma kinachotobolewa. Bolti ikivutwa huegemea ukuta wa tundu, na ukuta wenye unene wa milimita 6 huanza kukunjamana mapema kuliko bolti kukatika. Nilipokokotoa uwezo wa ukuta huo kwa chuma cha ujenzi cha daraja la S275, nikichukua nguvu ya mwisho ya 410, nilipata 58.3 kwa M16 na 59.6 kwa M20.

Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Inawezekanaje bolti nene zaidi kwa milimita 4 iongeze kilonyutoni 1.3 tu? Sababu ni kwamba kanuni hupima umbali wa ukingo kwa kulinganisha na kipenyo cha tundu. Milimita 40 kutoka ukingoni ni nyingi kwa tundu la 18 na chache kwa tundu la 22. Unene wa bolti unapopanda, nyama iliyo mbele yake inakuwa haba kwa kipimo kilekile, na faida moja inaliwa na hasara ya pili. Katika hali zote mbili bolti mbili haziwezi kufika 128.

Kisha likajitokeza jambo baya zaidi. Chuma cha pembe hushikwa kwa mbavu moja tu, ile nyingine ikining'inia bila bolti, kwa hiyo nguvu haisambai sawasawa na kanuni hupunguza eneo linaloruhusiwa kuhesabiwa. Punguzo hilo hutegemea bolti zimeachana mara ngapi ya kipenyo cha tundu. Kwa M20 zilizoachana milimita 70, chuma chenyewe kinabaki na uwezo wa takriban kilonyutoni 117, ilhali kwa M16 katika nafasi zilezile kinafika takriban 142. Kwa maneno mengine, anayebadilisha M16 kuwa M20 kwenye mchoro huu kwa nia ya kuongeza usalama, bila kugusa vipimo vingine, ameongeza nguvu ya bolti ambayo haikuhitajika na kukidhoofisha chuma kilichokuwa tayari hoi. Makosa ya namna hii hayaonekani kwa macho, na mkaguzi anayeona bolti nene huridhika.

Nimebadilisha nafasi badala ya bolti. Umbali wa ukingo sasa ni milimita 50 na bolti zimeachana milimita 100. Ukuta wa tundu la mwisho unabeba 74.5, chuma chenyewe kinabeba takriban 156, na hatari ya kipande kizima kung'oka pamoja na bolti zake inaanzia kwenye 135 hivi. Kwa kuwa vyuma hivi viko ndani ya ghala, mbali na mvua, sina wasiwasi na pengo refu kati ya bolti. Bamba la maungio limerefuka, na karakana italalamika kuhusu chuma cha ziada. Italalamika mara moja tu.

Jumanne, 21 Januari

Mkandarasi alikuja na pendekezo kwamba tutumie bolti za 10.9 kila mahali ili idadi ipungue. Nilimwonyesha hesabu ya kukatwa kwenye meno: M20 ya 10.9 hupewa kilonyutoni 98.0 dhidi ya 94.1 ya 8.8. Chuma cha 10.9 ni kigumu zaidi lakini hunyumbuka kidogo kabla ya kukatika, kwa hiyo kanuni hukitoza kigezo cha 0.5 badala ya 0.6, na faida karibu yote huishia hapo. Kwa mvuto faida ipo, 176.4 dhidi ya 141.1, ila kwenye ungio letu bamba lingeshindwa kabla ya bolti. Zaidi ya hayo, bolti zetu zitachovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa kwa sababu ya unyevu wa uwanda huu, na chuma kigumu cha 10.9 kikisafishwa kwa asidi kabla ya kuchovywa huweza kufyonza haidrojeni na kuvunjika baadaye bila onyo. Alikubali, ingawa kwa uso wa mtu aliyekwisha kuuliza bei.

Swali lililobaki lilikuwa kama vyuma vya mshazari vipewe M16, maana hesabu za Ijumaa zinaipendelea. Nimeamua vibaki na M20. Sababu yangu haimo katika jedwali lolote: bolti ya M16 huingia bila kizuizi kwenye tundu la 22. Kichwa chake kina milimita 24 kutoka bapa hadi bapa, kwa hiyo hulala juu ya tundu kikiwa na mdomo wa milimita 1 kila upande, na fundi aliye juu ya ngazi jioni, boksi la M20 likiwa limeisha, atanyoosha mkono kwenye boksi lililo karibu. Nikiwa na unene mmoja na daraja moja kwenye fremu yote, kosa hilo halina mlango wa kuingilia. Vyuma vya kubebea mabati vitatumia M12 ya 4.6, ambayo mtu hawezi kuikosea kwa M20 hata gizani, na nguzo zitashikwa kwenye zege kwa M24 nne kila moja, ili nguzo iweze kusimama yenyewe kabla ya boriti kufika.

Alhamisi, 23 Januari

Leo nimeandika urefu. Kwa vyuma vya mshazari unene unaobanwa ni 6 na 10, jumla 16. Ukiongeza washa (pete bapa inayokaa chini ya nati) ya milimita 3, nati ya 18 na angalau jino moja la milimita 2.5 lichungulie nje ya nati, unafika 39.5, nami nimeagiza 45. Kwenye kilele cha paa yanabanwa mabamba mawili ya 20, hesabu inafika 63.5, na agizo ni 70. Kwenye nguzo 60 ingetosha, lakini nimeipa 70 vilevile. Mkia wa meno utakaochungulia nje ya nati si mzuri kutazama, ila hauna madhara, ilhali bolti fupi ikiingia mahali pa ndefu nati hushika meno machache na hakuna anayejua mpaka ivutike. Zote zina meno hadi kichwani, kwa hiyo hakuna hofu ya nati kugonga shina kabla ya kubana, na hesabu ya kukatwa ilishafanywa kwa eneo la meno.

Jumla ni bolti 154 za urefu wa 70 na 96 za urefu wa 45. Tumeagiza 280 pamoja na akiba. Nati zitakuwa za daraja la 10 badala ya 8, kwa sababu nati ya kuchovya hutobolewa kwa upana kidogo zaidi ili iupishe unene wa zinki, na meno yake hupoteza sehemu ya mshiko; daraja la juu linafidia.

Jumatano, 5 Februari

Mzigo umefika, na umetupotezea siku tatu. Fundi mkuu alifungua boksi la pili, akajaribu bolti kadhaa kwa mkono, kisha akaniita: "Injinia, hebu njoo uone hii nati inavyocheza." Nati iliingia hadi mwisho kwa urahisi, lakini ilitikisika kama kofia ya kuazima. Alipoweka spana ya 30 kwenye kichwa, ikacheza badala ya kushika vizuri.

Zilikuwa bolti za inchi robo tatu. Kipenyo chake ni milimita 19.05, na kichwa chake ni milimita 28.6 badala ya 30. Kinachozifanya ziwe za hatari ni meno: bolti ya robo tatu ina meno 10 kwa inchi, yaani hatua ya milimita 2.54, ilhali M20 ina hatua ya 2.5. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuizuia nati ya M20 isipande, kwa hiyo inapanda, inakaza kiasi, na inashikilia takriban theluthi mbili tu ya kina cha meno. Vichwa vilikuwa na mistari mitatu, alama ya daraja la 5 la Kimarekani, ambalo kwa chuma chake linakaribiana sana na 8.8. Chuma kilikuwa kizuri. Ndoa ya bolti na nati ndiyo iliyokuwa batili.

Tumezipanga zote 280 juu ya turubai na kupima moja moja kwa kalipa, vijana wawili wa karakana wakisoma na mimi nikiandika. Tumetoa 31. Muuzaji alizibadilisha bila ubishi akaeleza kwamba rafu mbili zilichanganyika, na sina sababu ya kutomwamini. Huku Kisumu vipimo vya inchi havijafa, na mwenye kinu cha zamani bado huja dukani na bolti mkononi akitaka pacha wake.

Alhamisi, 13 Februari

Fremu nne zimesimama Ahero. Kazi huanza saa moja asubuhi na kreni hushushwa kabla ya saa tisa, maana baada ya hapo upepo huanza kucheza na boriti iliyoning'inia. Matundu ya 22 yameonyesha thamani yake, kwani ile milimita 2 ya nafasi ndiyo inayomruhusu fundi kuingiza bolti nguzo ikiwa imeinama kidogo, na milimita chache za kosa la msingi zimemezwa na maungio bila tundu hata moja kupanuliwa kwa moto. Nimekataza moto kwenye matundu kwa maandishi, na karatasi imebandikwa kwenye kibanda cha chai, mahali pekee ambapo kila mtu hupita.

Kukaza ni kwa spana ya kawaida na nguvu ya mtu mmoja, bila kipande cha bomba cha kurefusha mkono. Kijana mmoja alikuwa na bomba lake tayari. Fundi mkuu alimwambia, "Kijana wangu, hiyo rudisha kwa lori," na mambo yakaisha. Maungio haya hayategemei msuguano, kwa hiyo mabamba yakishagusana vizuri kazi imetosha, na nguvu ya ziada huanza kuivuta bolti kabla paa halijaiomba kitu.

Jumamosi, 22 Februari

Fremu zote 7 ziko wima na vyuma vya mshazari vimekazwa. Nimezunguka na fundi mkuu tukikagua kila nati: jino moja au zaidi lionekane nje, alama ya 8.8 isomeke, washa iwe upande unaozungushwa. Tumekuta nati mbili zilizokazwa kwa vidole tu kwenye kilele cha fremu ya tano, na washa moja imesahaulika. Kila ungio lililopita limewekwa mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba, ili nati ikigeuka mstari ukatike na mtu aliye chini auone.

Mstari huo nitauhitaji zaidi kwenye chumba cha kukobolea. Ushirika umeamua kuweka kinu ndani ya ghala, jambo ambalo halikuwemo kwenye michoro ya Januari, na jukwaa la mota yake litatikisika mchana kutwa. Kwa jukwaa hilo peke yake nimeagiza nati mbili kwa kila bolti, ya pili ikikazwa dhidi ya ya kwanza. Bolti ni M20 zilezile za urefu wa 70, na ule mkia wa meno ulioonekana mbaya kwenye nguzo ndio utakaokaliwa na nati ya pili. Akiba iliyobaki ni bolti 19 za 70 na 11 za 45. Jukwaa linahitaji 16. Mabati yanaanza kupandishwa Jumatatu.